Mbuzi wa Ireri

Makena mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, pale mama yako alipopenda kukaa, kwa sababu ndipo jua la jioni linapochelewa kuondoka. Godoro lako limeshafungwa kamba. Sufuria ziko guniani. Jiko la mafuta ya taa nimelizungushia gazeti lisije likachafua nguo zako njiani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kufuli la mlango. Wewe ni muuguzi, hayo utawafundisha wengine. Habari za chandarua nimemwachia shangazi yako. Amekwambia mara nne, na kesho asubuhi utaisikia ya tano ukiwa umeshaketi garini.

Nataka kukuambia habari za yule mbuzi.

Jumanne uliporudi kutoka chuoni Nchiru kuchukua vyeti vyako, ulimkuta amefungwa nyuma ya jiko, ukanijia huku unacheka.

"Baba, tumeanza kufuga?"

"Hapana."

"Basi huyu ni wa nani?"

"Ni wa mtu."

"Mtu gani?"

Nikakohoa kikohozi ambacho sikuwa nacho. Ukasema huyo Mtu ana bahati sana, mbuzi wake anashiba majani ya migomba yetu na yeye mwenyewe hata kusalimu hajaja. Ukaingia ndani ukiimba. Sikukudanganya, Makena. Ni wa mtu kweli. Ila nilishindwa kusema ni wa nani, na nimekaa na aibu hiyo tangu Jumanne, au niseme tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Nilimnunua kwa sababu ya maneno yako ya Jumapili ile. Sidhani kama unayakumbuka. Tulikuwa mezani, barua zako mbili za kazi ziko karibu na chupa ya chai, moja ya Nairobi na nyingine ya ile zahanati karibu na Ishiara. Shangazi yako alikuwa amekasirika.

"Nairobi wanakupa mshahara wa watu, wewe unakimbilia kwenye nge na joto?"

Ukamjibu, "Tata, Nairobi nitakuwa namfanyia kazi landilodi. Pesa ya chumba kimoja kule, Ishiara napata nyumba nzima na uwanja wa kuku. Hata hapa Nchiru nimekuwa nikilipia kitanda tu, kitanda, si chumba! Huko mboga ni kama bure. Mbuzi ni kama bure. Nikijibana miaka mitatu, nanunua ploti yangu hapa Meru, naondoka zangu."

Shangazi yako akasema, "Ukiumwa na nge utaniambia ni wa bei gani," na wote mkacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako, na maneno ni yale yale, hata ile "naondoka zangu" ya mwisho.

Sikulaumu uchaguzi wako. Ningekuwa na umri wako ningechagua hivyo hivyo, na kwa kweli nilichagua. Unajua kwamba ulizaliwa huko huko chini, Mbeere, karibu na hiyo Ishiara, na kwamba nilikuwa karani wa ghala la pamba la chama cha wakulima. Hayo nimekusimulia. Nilikusimulia joto, na nyoka aliyeingia kwenye kiatu changu, na jinsi ulivyokuwa ukila ukwaju ukikunja uso na kuomba tena. Nimekuwa nikisimulia yale yanayochekesha.

Nilifika huko nikiwa na cheti cha darasa la saba na suruali mbili. Nilikuwa nimekataa kazi ya Nairobi, ya kuandika mizigo katika duka la vyuma, kwa sababu binamu yangu aliyekuwa huko alilala na wenzake watano chumba kimoja na bado hakuweza kumtumia mamake sukari. Ghala la pamba lililipa kidogo, lakini huko kidogo kilitosha na kikabaki. Nyumba ya udongo ya vyumba viwili niliilipia kodi ambayo leo ungempa mtoto anunue mandazi. Kuni ziliokotwa. Mtama, kunde, ndengu na asali vyote vilikuwepo. Nilimwandikia baba yangu kwamba nimepata mahali ambapo pesa haiishi.

Nikamwambia mama yako, tulipokuwa bado wachumba, "Tukae huko miaka michache tu, tukijibana. Tujenge nyumba ya mawe kwetu Meru, Kaaga, tuondoke." Mama yako aliniuliza kitu kimoja tu: "Na hiyo miaka michache, tutakuwa tunaishi ama tutakuwa tunangoja?" Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wasichana.

Jirani yetu aliitwa Ireri, na mke wake Marigu. Ireri alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mizinga ya nyuki kwenye miti hadi karibu na mto Thuci. Yeye hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Karani, kama wote walivyoniita, lakini kwake neno hilo lilikuwa na heshima ndani yake, na mzaha kidogo. Nikipita na viatu vyangu vilivyong'aa alisema, "Karani, vumbi linakuogopa." Marigu ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, kwa kuwa zahanati ilikuwa mbali na wewe hukuwa na subira. Wiki mbili nzima wanawake wa pale walikuja kwetu na kuni, na vibuyu vya uji wa uwele, na maboga, wakamlisha mama yako hadi akang'aa. Mimi nilisimama mlangoni nikihesabu moyoni ni siku ngapi hatujanunua chakula. Hiyo ndiyo furaha niliyokuwa nayo siku zile. Naona uchungu kuiandika.

Halafu ukaja mwaka wa njaa, ule ambao watu wanaukumbuka kwa mahindi ya njano ya serikali. Ulikuwa na miezi kumi. Mvua ya kwanza haikuja, na ya pili ikachelewa. Pamba ilikauka ikiwa na urefu wa kidole. Mimi mshahara wangu uliendelea. Lori lilituletea maji kwenye tangi la ghala, na kwenye sakafu ya ghala kulikuwa na pamba ya zamani iliyomwagika, yenye mbegu ndani, na mbuzi wanazipenda mbegu hizo. Kwa hiyo katika kijiji kizima palikuwa na ua mmoja ambapo mbuzi angeweza kuishi, na ua huo ulikuwa wetu.

Asubuhi moja Ireri alikuja na mbuzi jike, wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Alikuwa na mimba, na mifupa yake ungeweza kuihesabu. Ireri mwenyewe alikuwa amekonda, lakini alisimama wima kama kawaida yake.

"Karani," akasema, "huyu hawezi tena kwenda mtoni na kurudi. Kwako kuna maji na mbegu. Acha akae hapa mpaka majani yaote. Akizaa, Mama Makena apate maziwa ya mtoto."

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo ningeweza kukudanganya na usijue. Ningeweza kusema mimi ni mtu wa milimani, sikuijua desturi ya watu wa chini. Niliijua. Hata kwetu ipo. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wawili waliolala katika boma la rafiki yake, na mbuzi wa watu wengine walilala kwetu. Mnyama anapowekwa kwako hivyo, unamtunza, unakunywa maziwa, mtoto wake wa kwanza anaweza kuwa wako mkielewana, na mwenyewe akija unampa. Hakuna anayeandika. Hivyo ndivyo watu walivyopita kwenye njaa tangu zamani, mali yao ikiwa imetawanyika kwa marafiki.

Nilitia mkono mfukoni nikatoa noti tatu za shilingi ishirini, nikamwekea mkononi.

"Za nini?" akauliza.

"Za mbuzi," nikasema.

Nililisema neno hilo kwa sauti ndogo. Nimejiuliza miaka mingi kama siku ile nilikuwa tayari na hila, na sijui. Ninachojua ni kwamba sauti yangu ilikuwa ndogo. Ireri alizitazama zile noti. Alikuwa na watoto wanne nyumbani. Alidhani, na mtu yeyote mwema angedhani hivyo, kwamba rafiki yake anamsaidia anunue unga huku mbuzi akitunzwa. Akasema, "Asante, Karani. Mungu akuongeze." Akaenda.

Yule mbuzi alinona. Akazaa mapacha. Maziwa ya mama yako yalikuwa yamepungua mwezi ule, basi akachemsha ya mbuzi, akakupa kwa kijiko, ukayapenda. Mama yako akamwita yule mbuzi Tata, kama tunavyomwita shangazi, kwa sababu, alisema, shangazi ndiye mtu anayekunyonyesha bila kulazimika. Neno lako la kwanza halikuwa Mama wala Baba, Makena. Lilikuwa Tata. Shangazi yako amejivunia jambo hilo maisha yake yote, na hatukuwahi kuwa na moyo wa kumwambia ukweli.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikaja. Ilinyesha siku sita. Kila mahali palichipua. Na Krismasi ilikuwa inakaribia, na lori la pamba lilikuwa linapanda Meru likiwa tupu, na bei ya mbuzi huko Meru wakati wa Krismasi unaijua. Nyumba yangu ya mawe ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nilitaka mlango.

Mama yako alinikuta nikiwafunga miguu, Tata na watoto wake wawili.

"Unawapeleka wapi?"

"Makutano. Kuna mchinjaji nimeongea naye."

"Mvua imenyesha," akasema. "Majani yameota. Wewe hujaona?"

"Nilimlipa."

"Ulimpa chakula. Mbuzi hukumlipa."

"Nilimwambia ni za mbuzi. Kuna mahali tuliandikiana kwamba ni wake?"

"Wewe ndiye unayeandika," mama yako akasema. "Yeye haandiki. Ndiyo maana alikuja kwako na si kwa kalamu yako."

Nilipanda lori. Yule mchinjaji wa Makutano alimshika Tata kiunoni, akaniambia, "Huyu umemlisha vizuri, mzee." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na ndiyo mara ya kwanza mtu aliniita mzee. Kwa pesa ile nilinunua mbao za muuru, na fundi akatengeneza mlango wa mbele, huu huu unaoupita kila siku. Ukipigwa na mvua unanukia bado.

Mwezi wa kwanza, jioni, Ireri akaja. Alikuwa na kibuyu cha asali kwapani, na begani alikuwa na kamba mpya ya katani, aliyoisokota mwenyewe, ya kumwongozea mbuzi wake. Alikuwa amenyoa. Nakumbuka alikuwa amenyoa, kama mtu anayekwenda kwenye jambo jema.

"Karani, majani yameota," akasema. "Nimekuja kumwona mgeni wangu."

Nikamwambia, "Ireri, mbuzi yule nilimnunua."

Wewe ulikuwa umeanza kutembea, ukaenda kwenye nguzo alipokuwa akifungwa mbuzi, ukaishika, ukaita, "Tata! Tata!" Ireri akakutazama wewe, halafu akaitazama ile nguzo. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba mbuzi hayupo hata kwa kumwona.

"Sawa, Karani," akasema. Akaweka kibuyu chini. "Asali ni ya mtoto." Kisha akaivua ile kamba begani, akaining'iniza kwenye nguzo polepole, kama mtu anayetundika koti lake katika nyumba ya watu. "Na hii itakufaa wewe."

Hakunitukana. Hakunishtaki kwa chifu. Hakuna aliyenitukana kijijini. Walianza tu kuniuzia.

Sijui kama utanielewa. Kabla ya hapo, nusu ya vitu tulivyokula hatukuwa tumevinunua. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa na bei. Boga lilikuwa na bei. Kuni zilikuwa na bei. Sokoni kulikuwa na mama aliyekuwa akimjazia mama yako gorogoro, lile kopo la kupimia, la ndengu hadi linakuwa na kilima juu, halafu anaongeza konzi moja, anasema ni ya Makena. Wiki ile alijaza gorogoro, akapitisha kiganja juu yake, akalisawazisha kama meza. Mama yako alirudi nyumbani, akazimimina ndengu kwenye ungo, akaniambia bila hasira yoyote, "Leo nimepimiwa kama karani."

Tuliishi hivyo miaka saba zaidi. Bei za huko bado zilikuwa chini kuliko za Nairobi, na nyumba ikaendelea kupanda jiwe kwa jiwe. Mtu angeniuliza ningesema maisha huko ni nafuu. Lakini mama yako alikuwa amepoteza marafiki zake kwa kosa ambalo si lake, na hakuwa na mahali pa kwenda alasiri isipokuwa kwa Marigu. Marigu hakumfungia mlango hata siku moja. Walikaa wakichambua kunde, na sijui walizungumza nini, na kama walinizungumza. Tulipohama, kwa desturi watu wangetusindikiza hadi barabarani. Alikuja Marigu peke yake, na boga kichwani.

Tukaingia katika nyumba yetu ya mawe. Mabati mekundu, sakafu ya saruji, mlango wa muuru. Nilimpa mama yako ufunguo mbele ya ndugu zangu, wakapiga makofi. Jioni ile alisimama katikati ya sebule, amejifunga leso mbili, akasema, "Ina baridi." Nikamwambia ni upya, itapata joto. Haikupata. Unakumbuka alivyokuwa akitoka na kibao chake asubuhi kulitafuta jua, upande huu, kisha anahama nalo, hadi jioni anafika kwenye ngazi hii? Ulikuwa ukikaa miguuni pake unafanya hesabu za shule. Sisemi baridi ndiyo iliyomuua. Daktari alitaja ugonjwa wenye jina lake. Ninasema tu kwamba alikaa miaka minne katika nyumba ambayo mimi niliingoja miaka kumi na miwili, na miaka hiyo minne aliitumia zaidi akiwa nje yake.

Siku ya mazishi Ireri na Marigu walikuja. Walikuwa wametoka kwao alfajiri. Marigu aliingia jikoni moja kwa moja, akachukua mwiko kutoka kwa shangazi yako, akaanza kusonga, kana kwamba amekuwa jikoni humo kila siku. Ireri alibaki nje. Nikamwendea. Nilikuwa na maneno, Makena. Nilikuwa nayo mdomoni, nimeyaandaa tangu nilipomwona akipita langoni.

Nikasema, "Karibu ndani, Ireri."

Akausogelea mlango. Akauwekea kiganja, akaupapasa toka juu hadi chini kama mtu anayempapasa mnyama. "Mlango mzuri, Karani," akasema. "Hapa nje pananitosha."

Akazika, akala kidogo, akarudi kwao. Sikumwona tena.

Nilipopanga nguo za mama yako, chini kabisa ya sanduku, chini ya leso uliyopokelewa nayo ulipozaliwa, niliikuta ile kamba. Imezungushwa vizuri, haijawahi kufunga kitu. Hakuitumia kuanikia nguo wala kubebea kuni, miaka yote ile, na kamba nyumbani hazikutosha. Hakuwahi kuniambia anayo. Nadhani alikuwa ananitunzia, akingoja siku nitakayoiulizia.

Baada ya maneno yako ya Jumapili nilishuka hadi Makutano, kwa wanaouza maembe kutoka huko chini, nikauliza. Mama mmoja aliniambia Ireri yuko, macho yamepungua, anatembea na fimbo. Marigu alifariki mwaka juzi. Sikujua. Kama ningejua sina hakika ningekwenda mazishini, na hiyo ni sehemu mbaya zaidi ya kutojua. Nikatoka hapo nikaenda kununua mbuzi. Nilitafuta wa rangi ya majivu, nikapata. Ana mimba. Masikio yake yote ni mazima, hilo sikuweza kulirekebisha.

Sasa nikueleze nilivyopanga, halafu nikueleze kwa nini nimebadili. Nilipoanza barua hii, dereva wa pikapu alikuwa ameshakubali kubeba mbuzi pamoja na godoro lako. Nilitaka kukuomba umtafute Ireri ukifika, umkabidhi, na umwambie, "Baba amenituma." Ukurasa wa kwanza niliuandika kwa nia hiyo. Lakini nilipofika pale ulipoishika ile nguzo, kalamu ilisimama. Nilikutumia siku ile kama kinga. Ireri alinyamaza kwa sababu mtoto alikuwepo. Nikikutuma tena, atapokea tena kwa sababu mtoto yupo, tena mtoto aliyevaa sare ya kumtibu macho. Nitakuwa nimelipa kwa bei nafuu mara ya pili.

Kwa hiyo kesho panda gari na vitu vyako tu. Usimtafute Ireri kwa ajili yangu. Ukikutana naye, msalimu kama mzee yeyote. Akikuuliza wewe ni wa nani, mwambie ukweli, na akinyamaza nyamaza naye.

Nenda ukaishi huko, Makena. Ploti utanunua au hutanunua. Sitaki kukukataza kujibana, nani asiyejibana? Ila unaposema mboga huko ni kama bure, mimi namwona Marigu, jua liko mgongoni kwake, anachuma kunde. Hazikuwa bure na hazikuwa nafuu. Alizileta kwa sababu nyumbani kwetu kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga. Mimi ndiye niliyeziita nafuu. Na mtu akija kwako na kitu mkononi, usifanye haraka kutoa pesa. Mkaribishe kwanza. Mpe uji. Mwache aseme mwenyewe amekileta kama nini.

Siku ya soko ya wiki ijayo nitashuka na magari ya wafanyabiashara wa mifugo. Nimeshazungumza nao, wamecheka sana, kwa kuwa wao hupandisha mbuzi Meru na hawajaona mtu anayemteremsha. "Mzee, unapeleka maji mtoni?" Nikawaambia ndiyo. Nitashuka sokoni na kutembea kutoka hapo, ni kama saa moja kwa miguu yangu ya sasa. Nitamwongoza kwa ile kamba. Naweza kupita karibu na zahanati yenu, kwa kuwa njia ni hiyo. Ukiniona, usitoke kunisaidia. Usinishikie kamba hata kama mbuzi atagoma katikati ya barabara na watu wakanicheka. Wacha wacheke.

Sijui atasema nini. Anaweza kusema mbuzi mmoja hatoshi miaka yote hii, na ni kweli, kwa sababu uzao wa Tata ungekuwa boma zima leo. Anaweza kusema, "Sawa, Karani," kama siku ile, nami nitageuka na kurudi na mbuzi wangu na kuja tena siku ya soko inayofuata. Muda ninao. Nyumba hii hainihitaji.

Jioni ya siku hiyo pika cha kututosha wawili, nitakuja kulala kwako kabla ya kupanda asubuhi. Lakini giza likiingia na sijafika, usitoke na tochi kunitafuta, wala usiulize njiani kama kuna aliyemwona mzee kutoka Meru. Kula, ufunge mlango, ulale. Itakuwa nimekaribishwa.

Nakusikia langoni, unaimba ile ile ya Jumanne. Naikunja barua.

Baba yako